Kufumua Kikosi au Kukitia Viraka?

Filimbi ya mwisho ilipolia, timu ikiwa imelala kwa mara ya nne mfululizo, shabiki mmoja niliyekaa naye alichukua karatasi akaandika majina ya wachezaji 11 walioanza mechi ile, kisha akaanza kukata. Alianza na beki wa kulia aliyesababisha penalti. Akafuata kiungo "anayerudisha mpira nyuma hata kama mbele kuna uwanja mzima". Alipoinua kalamu, tisa walikuwa wamekatwa. Waliosalimika ni kipa na kijana mmoja wa winga ya kushoto. "Hawa wawili wabaki," akasema, "waliobaki wote mkono wa kwaheri." Mzee aliyekaa nyuma yetu, jezi imempauka mabegani, akauliza bila hata kututazama: "Na Jumamosi anacheza nani?"

Tangu siku ile nimeusikia ubishi huohuo kwa mashabiki wa timu nyingine nyingi, majina tu ndiyo yanabadilika. Kuna kambi ya ufagio, inayotaka kikosi kizima kifagiliwe, na kambi ya viraka, inayotaka wabadilishwe wachache tu, na kila moja ina timu yake ya mfano.

Kambi ya ufagio ina hoja moja ambayo sijawahi kusikia ikijibiwa vizuri. Makocha watatu wamekuja wakaondoka, kila mmoja na mfumo wake, wachezaji wakabaki walewale na matokeo yakabaki yaleyale. Sasa tatizo liko benchi la ufundi au liko uwanjani? Kikosi kilichofungwa kwa misimu miwili mfululizo kinajifunza kufungwa. Goli la kwanza likiingia, unaona mabega yanashuka, mabeki wanaanza kunyoosheana vidole, na mchezaji mpya akiingia katikati ya watu hao, baada ya miezi mitatu naye anatembea kama wao.

Mfano wao mkubwa ni Arsenal. Kocha Mikel Arteta alikabidhiwa timu Desemba 2019, akamaliza nafasi ya 8, na msimu uliofuata akamaliza ya 8 tena. Katika kipindi hicho klabu ilifanya jambo ambalo shabiki wa kawaida hulitamani lakini viongozi hulikwepa: ilikubali hasara ili watu waondoke. Mesut Özil, nyota aliyekuwa na mshahara mnono, aliachwa nje ya orodha ya wachezaji wa ligi, kisha akaondoka Januari 2021. Mabeki Sokratis na Mustafi mikataba yao ilivunjwa. Mwaka mmoja baadaye Pierre-Emerick Aubameyang, aliyekuwa amevuliwa unahodha, naye akaenda zake Barcelona bila ada. Dirisha la kiangazi la 2021 wakaingia sita, na hakuna hata mmoja aliyezidi miaka 23: White, Ramsdale, Ødegaard, Tomiyasu, Lokonga na Tavares. Msimu ukaanza kwa vipigo vitatu: 2-0 kwa Brentford, 2-0 kwa Chelsea, 5-0 kwa Manchester City. Hakuna goli hata moja, na timu ikawa mkiani. Ufagio ukashikiliwa hivyohivyo. Msimu ule ukaisha katika nafasi ya 5, na mitatu iliyofuata yote wakawa wa pili.

Hadithi nzuri, ila hesabu wale sita vizuri. Ødegaard akawa nahodha. White akawa mhimili. Ramsdale alidaka vizuri misimu miwili kisha akapoteza namba kwa David Raya. Tomiyasu aliandamwa na majeraha. Lokonga na Tavares walitolewa kwa mkopo, kisha wakauzwa. Yaani katika ukarabati unaosifiwa kuliko mwingi wa miaka ya karibuni, nguzo za kudumu zilizopatikana dirisha lile ni mbili kati ya sita, tena chini ya kocha aliyepewa muda. Anayetaka kuleta 11 kwa mkupuo ajiulize atavuna nguzo ngapi, na magarasa mangapi yatabaki kwenye orodha ya mishahara. Halafu winga Bukayo Saka, tegemeo la timu ile, hakusajiliwa. Alikuwa ndani tayari, amekuzwa na klabu yenyewe.

Upande wa pili wanakuja na Leicester City, na wakija nayo huwa hawataki kusikia kingine. Msimu wa 2014/15, baada ya mechi 29, Leicester ilikuwa mkiani na pointi 19. Dirisha limefungwa, kwa hiyo hakukuwa na wa kumleta. Wachezaji walewale waliokuwa wakitukanwa wakashinda mechi saba kati ya tisa zilizobaki, wakamaliza nafasi ya 14. Kiangazi kile hakukuwa na ufagio wala mapinduzi. Aliondoka kocha Nigel Pearson, akaja Claudio Ranieri. Robert Huth aliyekuwa kwa mkopo akanunuliwa moja kwa moja. Katika kikosi kilichozoeleka kuanza msimu uliofuata, sura mpya kabisa zilikuwa tatu: Fuchs aliyekuja bure, Okazaki, na kiungo Kanté kutoka Caen ya Ufaransa. Wanane walikuwa walewale. Wakachukua ubingwa kwa pointi 81.

Hapa kambi ya viraka hujisahau. Mtu akikwambia "sisi tutaongeza watatu tu kama Leicester", muulize yuko wapi Kanté wake. Kupata mchezaji wa aina ile kwa bei nafuu ni kulamba dume, na huwezi kupanga bajeti ya klabu kwa kutegemea kulamba dume. Kanté alipouzwa Chelsea, kiraka kikatoka. Februari 2017 Ranieri alikuwa hana kazi, na timu ikamaliza ya 12. Mimi Leicester nawapenda kwa kitu kingine kabisa: zile mechi tisa za mwisho. Ni ushahidi kwamba kikosi kinachoonekana kimekufa kinaweza kuwa kimepoteza imani tu, na kutoka kwenye kiti cha shabiki ni vigumu sana kutofautisha hali hizo mbili.

Timu inayonivutia zaidi ni Nottingham Forest, kwa sababu kambi zote mbili zinaidai. Walirudi Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2022 baada ya miaka 23, na katika dirisha moja wakasajili wachezaji zaidi ya 20. Watu walicheka sana. Wachache walijisumbua kuuliza kwa nini. Timu iliyowapandisha ilikuwa imesimama juu ya wachezaji wa mkopo, na msimu ulipoisha wakarudi kwa wenyewe. Forest hawakuamua kufumua kikosi, kilifumuka chenyewe. Oktoba walichapwa 4-0 na Leicester, kipigo cha tano mfululizo, wakawa mkiani. Kila mtu akasubiri kocha Steve Cooper afukuzwe. Siku chache baadaye akapewa mkataba mpya. Walimaliza nafasi ya 16.

Kambi ya ufagio ikishangilia hapo, isubiri kidogo. Msimu wa pili Forest walikatwa pointi 4 kwa kuzidisha hasara inayoruhusiwa, wakanusurika katika nafasi ya 17. Walipofika nafasi ya 7 mwaka 2025, wengi wa lile kundi kubwa la 2022 walishapotea. Gibbs-White na Neco Williams walikuwepo, lakini Murillo, Aina na Elanga walikuja 2023, kipa Sels alikuja mwanzoni mwa 2024, na Milenković kiangazi cha mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, ule usajili wa watu 20 uliwapa muda wa kupumua tu. Timu yenyewe ilijengwa baadaye, polepole, mstari mmoja baada ya mwingine.

Na kwa nini polepole? Tazama goli la kona ambalo kila timu yenye sura mpya hufungwa mwanzoni mwa msimu. Mpira unapigwa kuelekea nguzo ya pili. Kipa mpya anatoka hatua mbili, anasita. Beki wa kati mpya anasikia kelele, lakini hajui kama ni "wangu" au "ondoa", kwa hiyo anaruka nusu. Beki mwenzake anadhani mwenzake amekwenda, anabaki chini. Mshambuliaji wa wapinzani anapiga kichwa akiwa peke yake, utadhani ameachiwa makusudi. Jukwaani tunamlaumu mmoja kati ya watatu hao, na kila mmoja ukimtazama peke yake ni mchezaji mzuri. Kinachokosekana ni mechi 15 za kucheza pamoja, na hicho hakiuzwi dirisha lolote.

Ndiyo maana nina mashaka na orodha ndefu za usajili. Liverpool haikuwa timu inayozama mwaka 2018, lakini ukarabati wake unafundisha. Coutinho aliuzwa Barcelona Januari, mwezi uleule Van Dijk akawa ameletwa kwa pauni milioni 75, na baada ya fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyomwendea vibaya kipa Karius, akaletwa Alisson. Uti wa mgongo ukanyooka: kipa na beki wa kati. Mwaka 2019 wakachukua Ulaya, 2020 ligi. Shabiki akipewa uhuru wa kusajili huanza na winga mwenye chenga, kwa sababu chenga zinaonekana. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, anayeziba njia ya pasi kabla haijapigwa haonekani, mpaka siku akikosekana.

Halafu kuna hesabu, eneo ambalo ubishi wetu huwa mwepesi kuliko yote. Mchezaji ana mkataba. Hafutiki kwa kalamu. Tuseme amenunuliwa kwa milioni 80 kwa mkataba wa miaka minne. Kwenye vitabu gharama hiyo inagawanywa, milioni 20 kila mwaka. Baada ya mwaka mmoja amegeuka garasa na mnunuzi anatoa 30. Vitabuni bado ana thamani ya 60, kwa hiyo ukimwachia, hasara ya milioni 30 inaingia siku ileile. Klabu nyingi huona heri akalie benchi. Chelsea walijaribu njia ya mkato baada ya kupata wamiliki wapya 2022: mikataba mirefu mno, ya Mudryk na Enzo Fernández ikiwa ya miaka minane na nusu, ili gharama ya kila mwaka ionekane ndogo. Baadaye kanuni zikabadilishwa, mgawanyo ukawekewa kikomo cha miaka mitano. Msimu ule wa matumizi makubwa walimaliza nafasi ya 12. Wapo watakaonikumbusha Kombe la Dunia la Klabu la 2025 walilolichukua, na ni haki yao, ila uvumilivu na pesa vilivyotumika kufika pale si vya kila klabu.

Hesabu hizohizo zinawaumiza hata wanaosema "tuwatumie vijana wetu". Kijana aliyekuzwa nyumbani hana gharama ya ununuzi vitabuni, kwa hiyo akiuzwa, karibu pesa yote inahesabika kuwa faida. Chelsea haohao waliwauza Mount na Gallagher kwa njia hiyo. Kijana anayependwa na jukwaa ndiye anayependwa na mhasibu pia, kila mmoja kwa sababu yake.

Kuhusu dirisha dogo la Januari nitasema machache. Timu ikiwa taabani wauzaji wanajua, na bei inapanda. QPR ya Uingereza mwaka 2013 ilimleta beki Christopher Samba kwa pauni zaidi ya milioni 12, ikashuka daraja ikiwa mkiani na pointi 25, na kiangazi akarudi alikotoka. Lakini AC Milan ya Italia, baada ya kubamizwa 5-0 na Atalanta Desemba 2019, iliwaleta Januari Kjær kwa mkopo na Ibrahimović wa miaka 38 bila ada, wakakaa katikati ya vijana kama Leão na Theo Hernández. Msimu uliofuata walikuwa wa pili, na 2022 wakawa mabingwa. Tofauti naiona kwenye swali lililoulizwa. QPR walikuwa wanatafuta mwokozi. Milan walijua hasa wamekosa nini: watu wazima uwanjani.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kuchagua, nakaa na mzee wa jezi iliyopauka, upande wa viraka, kwa sharti moja. Kama kuna mshahara mkubwa unaotembea uwanjani na vijana wanamwiga mwenye nao, huyo aondoke kwanza, hata kwa hasara, hata kabla mbadala wake hajapatikana. Wawili au watatu wa aina hiyo wakitoka, usajili mdogo unatosha. Wasipotoka, hata wakiletwa 20 watakaa meza moja nao.

Ile karatasi tuliitazama tena mapumziko ya mechi iliyofuata. Nilimwomba mwenye kalamu aandike pembeni ya kila jina alilolikata mwaka ambao mkataba unaisha. Kati ya tisa, waliokuwa wakimaliza mikataba msimu ule walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ametoka kufunga goli la kuongoza. Akalitazama jina lile muda mrefu, kisha akachora duara kulizunguka, juu ya mstari uleule aliokuwa amelikatia.