The Ventures hawakuhitaji mwimbaji

Wapo wanaowadharau The Ventures, bendi ya Marekani iliyojulikana kwa muziki wa magitaa usio na maneno, kwa sababu moja tu: nyimbo zao nyingi waliazima. Hata ile iliyowatoa, "Walk, Don't Run", ni ya mpiga jazi Johnny Smith, na mpiga gitaa Chet Atkins alishairekodi kabla yao. Ni kweli. Lakini kwangu hoja hiyo haina uzito, maana kazi kubwa ya bendi hii ilikuwa kuwafanya wasikilizaji watamani kushika gitaa wenyewe.

Walianza kama vijana wa mtaani tu. Mwaka 1958, huko jimbo la Washington, Bob Bogle alikwenda kutafuta gari kwenye yadi ya baba yake Don Wilson. Wakazoeana, wakawa wanafanya kazi ya ujenzi pamoja, wakanunua magitaa ya bei chee kwenye duka la rehani. Kampuni ya kurekodi muziki ya Dolton ikawakataa. Mama yake Wilson, Josie, hakukubali yaishie hapo: akaanzisha lebo yake, Blue Horizon, akawatolea santuri. Redio KJR ya Seattle ikaanza kuupiga wimbo wa "Walk, Don't Run", watu wakaupenda, na Dolton walewale wakarudi kuuchukua. Mwaka 1960 ukafika namba 2 Marekani. Mama huyu hatajwi inavyostahili.

Usikilize wimbo wenyewe. Dramu zinafungua, gitaa la ridhimu la Wilson linashuka kodi kwa kodi (yaani chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja), kisha solo ya Bogle, gitaa linaloongoza, inaingia, kila noti inasikika peke yake, na hapa na pale anaiyumbisha kwa ule mkono wa chuma ulio kwenye daraja la gitaa. Dakika mbili na ushei, basi. Kijana mwenye gitaa bovu akikaa nao siku kadhaa anaupata. Wengine wanauita huo urahisi. Mimi nauita ufundi, kwa sababu kurahisisha kazi ya Johnny Smith bila kuiua si mchezo.

Halafu kuna suala la solo. Nokie Edwards alikuwa mpiga besi wao. Ilipodhihirika kwamba anamzidi Bogle kwa vidole, Bogle alimwachia solo, akashika besi yeye. Anayezijua bendi zetu za dansi, na ugomvi wa wapiga solo, ataelewa kwamba hilo si jambo dogo. Mwaka 1965 wakatoa hadi santuri ya kufundishia gitaa, nayo ikaingia kwenye chati ya Billboard, jarida la muziki la Marekani!

Japani ndiko walikoeleweka kuliko kwingine. Mwaka 1962 walikwenda Bogle na Wilson peke yao. Waliporudi mwaka 1965 na bendi kamili, Mel Taylor akiwa kwenye dramu, vijana wa kule walipagawa na gitaa la umeme, bendi zikaota kila kona. Baadaye The Ventures wakawa wanatunga tuni, Wajapani wanatia maneno. Mwaka 1970 mwimbaji Yuko Nagisa alivuma kwa "Kyoto no Koi", tuni yao.

Nyumbani kwao, baada ya "Hawaii Five-O", tuni ya tamthilia ya televisheni, kufika namba 4 mwaka 1969, chati ziliwasahau. Rock and Roll Hall of Fame, taasisi ya Marekani ya kuwaenzi magwiji wa roki, ilianza kuingiza wasanii mwaka 1986, wao wakaingizwa 2008. Bogle alifariki mwaka uliofuata. Miaka yote hiyo ya kusubiri, Wajapani walikuwa wakiwajazia kumbi, ziara baada ya ziara.