Dakika tatu za ngoma, mgeni rasmi yuko njiani

Niseme mapema: mimi ni mgonjwa wa maigizo ya muziki. Yale ambayo mtu anaongea na mwenzake vizuri tu, mara ala zinaingia, anaanza kuimba, na wapita njia wote wanakijua kiitikio. Mke wangu anasema ni upuuzi. "Nani anagombana kwa kuimba?" Na huyuhuyu simu yake imejaa nyimbo za Khadija Kopa. Miaka ya tisini vikundi vya TOT na Muungano walipokuwa wakirushiana maneno kwa taarabu, watu walilipa kiingilio kwenda kusikiliza ugomvi ulioimbwa mwanzo mwisho. Nimemkumbusha. Akasema ile ni mipasho, haihusiani. Haya.

Ugonjwa wenyewe niliupatia kibanda umiza, Majengo, hapahapa Dodoma. Tulizoea kwenda kuangalia watu wakipigana mateke. Siku moja mwenye kibanda akaweka Sarafina, ile filamu ya mwaka 1992 ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg. Hatukujua kwamba kabla ya kuwa filamu lilikuwa igizo la jukwaani la Mbongeni Ngema, lililoanza kuonyeshwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, na mwaka uliofuata likawa Broadway, New York, wakati makaburu bado wamekalia kiti. Tulichokiona sisi ni wanafunzi wa Soweto, wenye sare kama sisi, wanaimba na polisi wanawafyatulia risasi. Mwenye kibanda alikuwa na kawaida ya kusimama kando ya televisheni na kututafsiria. Nyimbo nazo akawa anaziongelea juu kwa juu: "Hapa sasa wameanza kuimba, wana hasira." Watu wakamzomea mpaka akakaa. Fikiria, kibanda kizima kinamfukuza mtafsiri ili kisikilize nyimbo za lugha isiyoijua.

Kuanzia hapo nikawa natafuta. Nyingi nimeziona kwa kompyuta, kwa bando. Jukwaani hasa, la ukubwa ule, nimeona mbili tu, zote London, kazi iliponipeleka mafunzo ya wiki mbili mwaka 2023. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi nikaenda ukumbi wa Lyceum, ambako igizo la The Lion King limekaa tangu mwaka 1999, nikanunua kiti cha bei ya chini, maana yake kiti cha juu kabisa. Ngazi zake ni kama kupanda kilima chetu cha Mlimwa.

Taa zinazimwa, na sauti ya kwanza ni ya Rafiki, yule nyani mganga, ambaye jukwaani ni mwanamke, anaita kwa Kizulu. Wito ule ni kazi ya Lebo M, mtoto wa Soweto aliyekimbilia uhamishoni. Wanyama wakaanza kutoka kila upande, twiga wakiwa ni watu waliopanda miti minne, miwili miguuni na miwili mikononi, na tembo akapita katikati ya viti vya chini. Nikapiga mluzi. Sikukusudia, ulitoka wenyewe. Mama aliyekaa mbele yangu aligeuka akaniangalia kama nimepika dagaa kwenye lifti. Kule watu wanakaa kimya, wanasubiri wimbo uishe ndipo wapige makofi, kisha kimya tena. Halafu fisi akaitwa Shenzi, nikacheka peke yangu kwenye safu nzima. Ukumbi wa watu elfu mbili, na kichekesho cha Kiswahili nimekimaliza peke yangu.

Ila hayo si niliyorudi nayo nyumbani. Nilirudi na kitambaa.

Simba baba amekufa, nduguye katawala, nchi imekauka. Sasa wewe ungeonyeshaje ukame jukwaani? Mimi ningeweka mtu mmoja aeleze: "Ndugu wananchi, mvua haijanyesha." Pale hakuna aliyeeleza. Katikati ya sakafu kuna kitambaa cha bluu, laini, kimetandazwa duara, hilo ndilo bwawa. Chini yake kuna tundu. Kitambaa kinaanza kuvutwa kuingia tunduni, polepole, huku watu wanaimba. Bwawa likawa lambo. Lambo likawa dimbwi. Dimbwi likawa beseni, beseni likawa leso, leso ikamezwa, ikabaki sakafu.

Mtu wa Dodoma haelezwi jambo hilo. Mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili ukibahatika, na baada ya hapo unahesabu. Kijijini kwa mama mkubwa, upande wa Mvumi, nimeliona lambo likifanya vilevile: Juni ng'ombe wanakunywa wamesimama ukingoni, Agosti wanaingia mpaka katikati, Oktoba wanalamba tope na watoto wanachimba visima vya mkono palepale kwenye nyufa. Nimeishi na kitu hiki miaka yote na sikuwahi kukiona kinatokea chote kwa pamoja, ndani ya muda wa wimbo. Nilikuwa nimejiziba mdomo. Kabla ya hapo, majike ya simba yalivuta vipande vya kitambaa kutoka machoni, ndiyo machozi. Kitambaa tena. Watu wanasema igizo lile ni la mabilioni, na ni kweli, lakini lililonipiga mimi lingenunulika kwa mita.

Jioni ya pili nikaenda Les Misérables. Wanaimba kila kitu, hata mtu akiulizwa jina anajibu kwa wimbo, na kwangu hilo ni kasoro: wimbo una kazi pale maneno yanapoishiwa nguvu, sasa kama hakuna maneno ya kuishiwa, wimbo unatoka wapi? Nilikaa na kanuni yangu hiyo saa mbili nzima. Kisha kijana mmoja akabaki peke yake anawaimbia rafiki zake waliouawa kwenye kizuizi walichokijenga barabarani wakati wa maasi, na kanuni sikuikumbuka tena mpaka nilipofika nje. Basi, endelea.

Hamilton, igizo la Marekani, sikuiona ukumbini, niliiona ile waliyoirekodi jukwaani mwaka 2016 na kuiachia mtandaoni mwaka 2020. Bando liliisha kabla Burr, hasimu wa Hamilton, hajafyatua risasi, lakini nilishapata nilichokitaka. Kuna mahali Hamilton na Jefferson, mawaziri wa George Washington, wanabishana juu ya madeni ya majimbo na serikali kuu kwa kufokafoka, kila mmoja na zamu yake, Rais anasimamia. Nikasimamisha video. Hiyo si ngonjera hiyo?

Na ngonjera ni ya kwetu. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Ihumwa, hapo unapopita ukienda Dar. Alizaliwa mwaka 1917, akafariki mwaka 1969, na ndiye aliyeipa ngonjera sura tunayoijua: washairi wawili wanasimama mbele ya watu, mmoja anauliza au anapinga, mwingine anajibu, kwa mizani na vina. Ukiongeza mwendo na mavazi una igizo tayari. Shida yake, kwa maoni yangu, ni moja: mwishoni lazima wakubaliane. Asiyejua anaelimishwa, anashukuru, wanamaliza pamoja. Hamilton na Jefferson hawakubaliani hata kidogo, ndiyo maana unataka kuona kitakachofuata. Sisi mji wetu una Bunge! Keti sebuleni usikilize redio siku ya bajeti: "Mheshimiwa Spika, taarifa!" "Taarifa siipokei!" Mdundo umo. Anangojwa mtu wa kuweka ngoma chini yake.

Badala yake ngonjera tumewaachia watoto wa shule wamkaribishie mgeni rasmi. Na hapa ndipo ninapogomba hasa.

Angalia sherehe yoyote ya mji huu. Tangu saa kumi na mbili asubuhi akina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wamefika, wamekoka moto pembeni, wanazipasha ngoma ngozi ikaze. Kazi ya kuzipasha tu ni nusu saa na zaidi, na ukizizembea zikapoa unaanza upya. Wanasimama, ngoma zimebanwa katikati ya magoti, kiongozi anaanza, wenzake wanamdaka, sauti zinapandana zile ambazo ukizisikia kwa mara ya kwanza unadhani kuna mtu kakosea, kumbe ndipo utamu ulipo. Mara mshereheshaji na kipaza sauti: "Akina mama, asanteni sana, dakika tatu zimetosha, mgeni rasmi ameshafika viwanja vya Nanenane." Kiongozi hata hajafika kwenye habari aliyotaka kuisema. Maana ndani ya wimbo kuna habari, kuna mtu na kisa chake. Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu, alizunguka dunia na ala zake, zeze na ilimba, kumbi za Ulaya zikamkalia kimya mpaka mwisho. Hapa nyumbani kwao muziki huohuo ni wa kujaza muda wakati msafara uko barabarani. Chamwino wamejitahidi, tamasha lao la muziki wa Kigogo linavipa vikundi vya vijijini jukwaa la heshima, na ninakwenda kila ninapoweza. Ninachokitaka ni hatua moja mbele: mtu achukue sauti zile azipe kisa cha saa moja na nusu, na mgeni rasmi akija akae asubiri kama sisi.

Mwaka jana nilidhani nimekipata. Kikundi cha vijana kikatangaza igizo la nyimbo, binti anayelazimishwa kuolewa, kwenye ukumbi mmoja wa mjini. Sitakitaja, wako wanajifunza. Nikamchukua mama mkubwa, ambaye muheme ameupiga tangu usichana wake, tukakaa safu ya pili.

Muziki wote ulikuwa kwenye flashi. Ala, sauti, vyote. Watoto wanachezesha midomo. Binti amepiga magoti, anambembeleza mama yake asiozwe, wimbo umefika mahali pa kuumiza, na flashi ikanasa. Ma-ma, ma-ma, ma-ma. Binti wa watu akafuatisha mdomo mara mbili, ya tatu akaacha, akabaki kapiga magoti anaangalia upande wa fundi mitambo. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama yake wa kwenye igizo naye akacheka. Nilisubiri mmoja wao afungue kinywa aimbe. Hakuna. Fundi akachomoa, akafuta flashi kwenye shati, akachomeka, wimbo ukaanzishwa upya toka mwanzo na binti akapiga magoti upya.

Mama mkubwa akaniinamia sikioni. "Mwanangu, watoto hawa wote wameumwa koo?"

Nilimfuata kiongozi wao baadaye. Hakuwa na kiburi. Alisema ukumbi una maiki mbili, moja mbovu, feni za dari zinapiga kelele, na mtu akicheza huku anaimba pumzi inakata, sauti haifiki nyuma. Ni kweli yote. Wale wa London kila mmoja ana maiki ndogo imefichwa kwenye nywele. Lakini ukumbi huu wa kwetu una safu kumi na mbili! Zima feni, leta viti mbele. Nikamwambia hivyo, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, na nilijuta kidogo.

Tulipotoka nje walewale watoto walikuwa wamesimama barabarani wanangoja daladala. Mmoja akaanzisha pambio, wenzake wakaingia, besi kwa besi, soprano juu, hakuna maiki wala flashi, bodaboda zinapita na wanasikika mpaka ng'ambo. Kwaya za makanisa ya Dodoma zimewalea hawa, nani asiyejua.

"Kumbe wamepona," akasema mama mkubwa.

Kwenye bajaji nikamsimulia kile kitambaa. Nilimsimulia vizuri, tundu, duara, lilivyopungua mpaka leso. Alinisikiliza bila kunikatisha, jambo ambalo si kawaida yake. Akauliza nani anavuta kutoka chini. Akauliza ni mita ngapi. Nikasema kwa jukwaa la kwetu mita nane za satini zingetosha, Jumamosi ninaweza kupita sokoni kuulizia bei ya bluu.

"Bluu ya nini?" akasema. "Wewe ulishaona lambo gani la bluu? Ulizia rangi ya chai ya maziwa."