Dawa ya kunenepa haimwaibishi mtu

Si siri hapa Lubumbashi: binti anayetaka kunenepa anaingia farmasi, anaomba siproheptadini, na mara nyingi anaipata bila karatasi ya daktari. Dawa hiyo ni ya mzio. Kuongeza njaa ni tokeo lake la pembeni. Sijasikia mtu akimwambia binti huyo aache vidonge, ale kwa nia tu. Sote tunakubali kwamba kidonge kimeingia na njaa imepanda. Ila mwenye kilo 110 akitafuta dawa ya kushusha njaa hiyohiyo, ghafla tunakuwa wahubiri.

Mwezi uliopita tulikula Jumapili kwa shemeji yangu, Kampemba. Ana ugonjwa wa sukari, na daktari wake amemwanzishia sindano za semaglutide, ambazo ndugu yake aliye Brussels humletea. Alimega matonge manne ya bukari, akachovya kwenye sombe, akanawa. Ndakala wakabaki sahanini. Huyu tulizoea kumwona akikwangua sufuria. Mama mkubwa akampongeza: “Leo umejikaza, mwanangu.” Akajibu: “Si kujikaza, mama. Njala yenyewe haiko. Kichwa kimenyamaza.”

Utumbo hutoa homoni iitwayo GLP-1, inayouarifu ubongo kwamba chakula kimetosha. Ile ya asili huyeyuka kwa dakika chache. Semaglutide huiiga, na sindano moja hufanya kazi wiki nzima. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 walifuatiliwa kwa wiki 68, na wote walipewa ushauri wa kula na mazoezi. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Chukua mtu wa kilo 100: ushauri na nia vilimwondolea kilo mbili na kitu, kwa mwaka na zaidi. Je, wote hao walikuwa wavivu?

Kuna hesabu nyingine inayonisumbua zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwapima watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua kwenye televisheni, miaka sita baada ya mashindano. Miili yao bado ilikuwa inachoma takriban kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Hizo ni kama gramu 140 za unga wa mahindi: bukari ya sahani nzima ambayo mtu huyo anapaswa kuikataa kila siku ili abaki alipo, huku jirani yake wa uzito uleule akiila bila kunenepa.

Wanaotetea nia nao wana hoja. Walioacha semaglutide walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Dawa inapunguza kiasi cha chakula, lakini haimchagulii mtu kati ya mboga na chupa ya sukre, yaani soda. Wengine wanatapika, na misuli hupungua pamoja na mafuta. Hayo yote ni kweli, ingawa ukiacha vidonge vya presha, presha nayo hurudi, na hatusemi vilikuwa bure.

Hoja yao nzito kwangu ni ya mfuko na umeme. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliiweka semaglutide kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wenye kisukari, lakini orodha haijazi kabati la hospitali zetu. Na anayemtegemea ndugu wa Ulaya hajui mwezi ujao utakuwaje.

Kalamu za sindano hizo ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika, shemeji anazifunga kwenye kitambaa, anavuka barabara hadi kwa jirani mwenye jenereta. Jirani anaamini ni insulini, na shemeji hajamsahihisha.