Lita Kumi za Mtihani

Niacheni nigune kidogo, jamani. Nyumbani nishapigwa marufuku kulitaja hili kasha wakati wa kula, na barazani nako wakiniona natokea tu, wanaanza kuzungumza mpira.

Nasema kasha la kompyuta, si kompyuta. Gamba tupu. Alumini nene, kona zimesuguliwa zikawa laini kama ukucha wa biharusi, na matundu madogo madogo pande zote yaliyopangwa kwa rula. Bei yake imepita laki tano, na hapo pawasaplai, kile kisanduku cha kuigawia kompyuta umeme, hujanunua wala hujalipa cha kulivusha kutoka Dar. Nilipolitaja Soko Muhogo, hapa Unguja, kwenye kahawa, mzee mmoja akataka kujua lina ukubwa gani. Nikamjibu kwa kipimo chake, maana makasha haya madogo wenyewe huyapima kwa lita. Lita kumi.

"Lita kumi za nini, mwanangu? Za dizeli?"

Nikamfafanulia kuwa kasha la kawaida hufika lita arobaini, hata hamsini, na hili langu ni nusu ya dumu la maji. Akaniangalia, akapiga funda la kahawa, akasema: "Na pesa hiyo ungenunua madumu yakajaa ua mzima, tena kila moja na mfuniko wake."

Mimi kazi yangu kuhariri video za harusi. Ikishaingia Mfunguo Mosi, mji mzima unaoana, na kila atakayeoa ana binamu mwenye kamera anayeniletea masaa na masaa ya kina mama wakitunza na biharusi akiingia ukumbini kwa mwendo wa kinyonga. Ofisi ni chumba cha nyuma cha nyumba ya Mji Mkongwe. Wazee walizijenga nyumba hizi kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari wakailaza juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haifiki mbali. Mita tatu hivi, mti umekwisha, na upana wa chumba umekwisha papo hapo. Huwezi kugombana na mti. Humo humo imo meza yangu, cherehani ya mke wangu na godoro la wageni lililosimamishwa ukutani. Kwa hiyo msiniambie habari za anasa. Mimi nilitafuta kasha dogo kwa sababu za mikoko.

Lakini oneni dhuluma yake. Udogo wake wameupata kwa kufukuza kila kitu nje. Hadi diski zile kubwa za inchi tatu na nusu hazina nafasi, basi ziko nje, kila moja na boksi lake na adapta yake. Mbele kuna tundu moja la USB, tena la aina ya C, na hao mabinamu wote wananiletea flashi za aina ya zamani, basi nimenunua kigawanyio, nje. Kisoma kadi, nje. Spika, nje. UPS nayo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, nje, na UPS ni nzito kuliko hiyo kompyuta inayolindwa. Kuiondoa siwezi. Mji huu ulikaa kizani mwezi mzima mwaka 2008, halafu tena kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa kuharibika ile njia ya umeme inayotoka bara kupitia chini ya bahari. Waya mpya mkubwa ulianza kazi mwaka 2013 na hali si ile tena, lakini mtu aliyekula futari ya taa ya kandili na jenereta la jirani linamnguruma sikioni haondoi UPS mezani.

Matokeo yake, kijikompyuta kimekaa katikati na ukoo wake umekizunguka meza nzima. Mke wangu akaniuliza, kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa: "Hivi ile kubwa ya zamani, si vyote hivi vilikuwa ndani yake?"

Vilikuwa.

Na kulifungua sasa! Humo ndani madabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, ni Mini-ITX, kipande cha milimita 170 kwa 170, kipimo walichokileta watu wa kampuni ya VIA mwaka 2001 kwa ajili ya vikompyuta vya kupoa, visivyotaka makuu. Leo kipande hicho hicho tunakibebesha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kuchemsha uji, na kadi ya grafiki, ile ya kuleta picha, ndefu kupita mkono wa mtoto. Kadi haiwezi hata kusimama mahali pake, inalazwa upande wa pili, inaunganishwa kwa waya mpana wa raiza, wa kuifikisha kwenye madabodi. Pawasaplai ni ya umbo la SFX, mdogo wake ATX ya kawaida, na waya zake ni ngumu, hazikunjiki. Ukizikunja kwa nguvu, zinausukuma mlango, na mlango hauna skrubu, umeshikwa kwa vibanio tu. Nimekaa nahariri saa saba za usiku, nyumba kimya, mara paa! Mlango umeruka mwenyewe.

Ukitaka kuongeza kijiti cha memori, kazi ya dakika moja kwenye kompyuta za watu, kwanza utoe kadi ya grafiki. Kadi haitoki mpaka uulegeze waya wa raiza. Waya wa raiza huufikii mpaka uitoe pawasaplai. Skrubu zenyewe ni za pembe sita, bisbisi ya nyumbani inazitazama tu. Na moja ikidondoka huingia chini ya madabodi, ikakaa huko, ndipo namwita binti yangu, maana ndiye mwenye vidole vya kupita humo. Huja akishatoka chuoni, na bure haji. Ada yake ni bakuli la urojo, na siku hizi anataka na kachori ziwe mbili. Juzi nimemwona anachungulia ndani ya kasha bila kuitwa. Nina shaka anadondosha skrubu mwenyewe.

Joto ndilo linalonimaliza. Waliochora kasha hili wanakaa kwenye nchi ambazo chumba kikiwa na nyuzi 20 watu wanavua koti. Feni hailetei kitu baridi ndani, inachukua hewa iliyopo chumbani na kuipitisha, kwa hivyo chumba kikipanda nyuzi kumi, na vitu vya ndani vinapanda kumi hivyo hivyo. Sasa njoo hapa mwezi wa pili, kaskazi ishachoka kuvuma, chumba nyuzi 32, ukuta wa chokaa unatoa jasho. Kipozeo cha prosesa hakiruhusiwi kuzidi milimita 70 kwa urefu, la sivyo kasha halifungi, na kipozeo kifupi hivyo hakina pa kulipeleka joto. Naanza kuitoa video niliyokwisha kuihariri, prosesa inakaribia nyuzi 95, inaogopa, inajipunguzia kasi yenyewe. Feni inapiga kelele mpaka muadhini namsikia kwa mbali. Video ya harusi niliyoahidi baada ya alasiri inatoka baada ya isha, na mama wa biharusi kashapiga simu kiasi cha kunifanya nimjue na jina la babu yake.

Basi nikaipunguzia umeme. Ipo namna ya kuingia kwenye mipangilio ukaiwekea prosesa kikomo cha wati, na wallahi ni dawa: kasi inapungua kidogo tu, joto linashuka sana. Na kadi ya grafiki nikaifanyia hivyo hivyo. Lakini fikirini na nyinyi. Nimenunua prosesa kali kwa bei kali, nimeitia ndani ya kasha la bei kali, halafu nakaa naibembeleza isifanye kazi kwa bidii.

Ule waya wa raiza nao una visa vyake. Siku nilipotia kadi mpya, skrini ikawa nyeusi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, picha hamna. Nikaipeleka kwa fundi mmoja upande wa Darajani. Akaigusa kadi kwa kidole, akanipa pole kama mtu aliyekuja kwenye hitma, akasema imekufa, ila yeye anaweza kuichukua kama spea kwa bei ya ndugu. Nikarudi nayo. Kumbe kadi ni ya kizazi cha nne cha PCIe, ile njia ya kadi kuzungumza na madabodi, na waya waliouweka kiwandani ni wa kizazi cha tatu. Kadi inataka kukimbia, waya hauwezi, wote wawili wananyamaza. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya madabodi ukakilazimisha kile kipachiko cha kadi kiende kwa mwendo wa kizazi cha tatu. Sasa utaingiaje kwenye mipangilio na picha huna? Uchomoe waya wa skrini kwenye kadi, uuchomeke kwenye madabodi, uombe Mungu prosesa yako iwe na grafiki yake ya ndani. Yangu ilikuwa nayo. Tangu siku hiyo fundi yule akiniona huuliza: "Kadi imezikwa?"

Kutu sitaki hata kuizungumza. Hewa ya bahari inaingia dirishani, alumini yenyewe inajitahidi, lakini skrubu ni za chuma, na vyuma viwili hivyo vikikutana na chumvi havielewani. Kila ilipo skrubu pamezuka unga mweupe. Na chokaa ya ukutani ikipukutika inanyonywa kupitia yale matundu ya rula, maana filta hawakuweka. Wanasema ingeharibu sura.

Sasa nije kwa mama mkwe.

Alikuja na boti kutoka Pemba kumwangalia mjukuu, akapangiwa chumba cha nyuma, pahala pekee penye nafasi ya godoro. Usiku kainuka kutafuta miwani yake mezani, mkono ukapita nyuma ya kasha kwenye zile skrubu. Tukasikia tu, "Yallah!" Kufika, Mama amesimama pembeni, kajitanda kanga mpaka kichwani. "Mwanangu, hili lina mtu ndani. Limenitekenya."

Nikajaribu kumweleza. Nyumba hii ya zamani, soketi zake zina matundu matatu, lakini lile la juu ni urembo, waya wa ethi, wa kuupeleka umeme ardhini, haukufika. Pawasaplai zote zina vidude vya kuchuja umeme, navyo huvujisha kidogo kuelekea kwenye gamba la kasha, na usipokuwepo waya wa ethi wa kuuondoa, umeme ule unakaa pale pale unasubiri mtu. Ni mdogo mno, unawasha tu. Ile rangi ya alumini inaukinga, ndiyo maana mbele husikii kitu, lakini kwenye skrubu au penye mkwaruzo unausikia. Mama kanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima. Halafu akasema: "Ndivyo nilivyokwambia. Lina mtu."

Asubuhi nikarudi kutoka sokoni nakuta chetezo kimewekwa chini ya meza, ubani unafuka, Mama anasoma. Na kompyuta iko wazi inatoa video, feni zinazunguka kwa nguvu zake zote. Moshi haukwenda juu hata kidogo. Uliingia wote kwenye kasha, ukapita kwenye kipozeo, ukatoka upande wa pili ukiwa umepozwa. Mpaka leo video ikianza kutoka na joto likipanda, chumba kinanukia maulidi. Kuna bwana harusi alikuja kuchukua kazi yake, akavua viatu mlangoni.

Mama akarudi Pemba, akaapa hatalala tena chumba kile. Nisiwafiche, hilo ndilo jema pekee ambalo kasha hili limenifanyia. Nilipata utulivu.

Kisha mwezi uliopita nikamleta fundi umeme, akachimba uani, akapigilia fimbo ya shaba, akavuta waya wa ethi mpaka kwenye soketi. Kutekenya kukakoma siku ile ile. Mke wangu, kwa furaha yake, akampigia mama yake simu: limetulia, ukiligusa halifanyi kitu.

Mama akashukuru Mungu, akasema ubani umefanya kazi yake, ila hawa hawatoki kwa mara moja. Anakuja Ijumaa na boti ya asubuhi, analeta na mfuko mzima. Hivi ninavyozungumza nimeikalia cherehani ya watu, nakata chandarua kikuukuu nishone filta.