Sambaza wa Boulenger hawahesabiwi

Juzi kijana ninayemsimamia memwari, yaani tasnifu yake ya chuo, alinijia na simu mkononi. "Mwalimu, tazama." Ilikuwa orodha ya wanasayansi wakubwa wa ekolojia na mageuko ya viumbe duniani, waliopangwa kwa kadiri makala zao zinavyotajwa na wenzao. Jioni nzima alikuwa ameipekua akitafuta mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki ya Kongo. Sasa anataka kuachana na sambaza, hawa dagaa wa Ziwa Kivu, achukue mada "inayotajwa".

Sikumkemea. Nilimchukua hadi sokoni Nyawera, mbele ya mama mmoja aliyepanga sambaza wakavu mafungu mafungu. Fungu moja ni makala moja, nikamwambia, na kila samaki ni makala nyingine iliyoitaja. Anza na lililo kubwa, ushuke. La kwanza tuseme lina samaki 40, la pili 22, la tatu 9, la nne 6, la tano 5, la sita 3. La tano limefikisha watano, la sita halikufikisha sita. Basi alama yako ni 5. Hiyo ndiyo h ya Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California, aliyoitoa mwaka 2005, na orodha nyingi zimejengwa juu yake au juu ya binamu zake. Lile fungu la 40 lingekuwa na 4,000, alama ingebaki 5.

Mama akatukatiza: "Munauza ao munahesabu tu?" (Kwetu kuuza ni kununua.) Tukanunua.

Sichukii hesabu hizo. Kabla yake, mkubwa alikuwa mwenye sauti nzito kwenye kikao na rafiki wizarani. Wengine wamejitahidi hata kuziba mianya: orodha ya John Ioannidis wa Stanford inaonyesha alama pamoja na kujitaja na bila kujitaja, tena inatazama kama ulikuwa mwandishi wa kwanza, wa mwisho au wa katikati. Vizuri. Lakini bado kinachopimwa ni kurudiwa. Makala ya 2015 inayoeleza lme4, programu ya takwimu ambayo wanaekolojia wengi huitumia, imetajwa mara makumi ya maelfu. Waliotengeneza jembe wanastahili heshima yao, sina ubishi. Ila jembe linatajwa katika kila shamba, na shamba moja la mihogo la Kabare litatajwa na nani?

Kinachonichekesha zaidi ni hawa sambaza wenyewe. Jina lao la kisayansi ni Limnothrissa miodon, na aliyewaeleza mara ya kwanza ni Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi kwenye jumba la makumbusho la London, mwaka 1906. Samaki wake walitoka Ziwa Tanganyika. Huku Kivu waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Makala nyingi juu yao huandika "Boulenger, 1906" papo hapo baada ya jina. Kwa kompyuta huko si kutajwa, mpaka makala yenyewe iwekwe kwenye marejeo mwishoni, jambo ambalo ni wachache mno wanaolifanya. Mtu anaandikwa miaka zaidi ya mia moja na ni nadra apate hata samaki mmoja kwenye fungu lake.

Na huyo angalau jina lake limeandikwa. Mimi nilipokuwa asistanti niliwahi kupima samaki ziwani miezi kadhaa kwa ajili ya wageni fulani, vidole vikinuka mpaka kitandani. Makala ilipotoka nilijikuta kwenye mstari wa shukrani, jina langu limekosewa herufi. Shukrani hazina alama. Wavuvi waliotubeba hawakuwa hata humo.

Basi nilimwambia kijana: chagua mada kwa sababu una swali. Kama swali lako ni sambaza, baki nao, hata wakikupa h ya 3 mpaka ustaafu. Alikaa kimya, akitafuna wale tulionunua.

Amebaki nao, kwa sasa. Tumepatana na mvuvi mmoja wa zamani, tutatoka naye usiku mwezi ukishapungua, kwa kuwa kwenye mbalamwezi taa za mitumbwi haziwavuti samaki vizuri. Hilo nilifundishwa na mvuvi huyo huyo, miaka mingi kabla sijalikuta kwenye makala. Kijana ameniuliza kwenye memwari tumtaje mvuvi au makala. Sijamjibu.