Mvuke wa Olkaria na tangi la bodaboda

Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua. Kwa hiyo anayetaka kuiondoa nchi hiyo kwenye mafuta aanzie barabarani. Tangu mtambo wa kusafisha mafuta wa Changamwe ulipoacha kazi mwaka 2013, petroli yote huingia ikiwa imeshasafishwa, na tangu 2023 serikali huagiza shehena kubwa kwa mkopo kutoka kampuni za serikali za Saudia na Falme za Kiarabu. Bodaboda, zinazokunywa petroli hiyo kutwa kucha, ndizo rahisi zaidi kubadilisha.

Hesabu iko upande wa umeme. Mwendeshaji anayetembea kilomita 120 kwa siku, pikipiki yake ikienda kilomita 45 kwa lita, anachoma lita 2.7 hivi. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni karibu 480. Pikipiki ya umeme hula takriban yuniti 3.5 kwa kilomita 100. Ukijumlisha kinachopotelea kwenye chaja, safari hiyohiyo inataka yuniti 4.7. Bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme iliyowekwa mwaka 2023 ni shilingi 8 kwa yuniti saa za mahitaji madogo, hasa usiku, na 16 nyakati nyingine, kabla ya tozo na kodi. Hata tozo zikiizidisha ile ya usiku maradufu, gharama haifiki shilingi 80. Siri iko kwenye injini: sehemu kubwa ya nguvu ya petroli huishia kuwa joto, ilhali mota hupeleka zaidi ya asilimia 80 ya umeme kwenye gurudumu.

Halafu kuna Olkaria, kwenye visima na mitambo ya jotoardhi karibu na Naivasha. Usiku wa manane mahitaji ya umeme hushuka sana, lakini kisima cha mvuke hakifungwi na kufunguliwa kila siku kama bomba la maji. Joto linalopanda na kushuka huharibu mabomba yaliyoteremshwa ardhini. Kwa hiyo mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo. Kuchaji betri saa hizo ni kutumia mali ambayo tayari imelipiwa.

Wenye shaka hawana shida na mvuke. Shida yao ni nyaya, na wana haki. Kati ya kila yuniti 100 zinazoingia kwenye gridi, zaidi ya 20 hazifiki kwenye mita inayolipiwa: nyingine huibwa, nyingine huishia kuwa joto njiani. Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi. Chukua transfoma ya kilovolti-ampea 50 inayohudumia mtaa mdogo. Ukiweka kituo chenye chaja 20 za kilowati moja moja na kuziwasha saa moja jioni, wakati kila nyumba ina taa, runinga na birika, volti zinaweza kuporomoka kutoka 240 hadi chini ya 200 na chaja zenyewe zikajizima. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Chaja hizohizo zikiwashwa saa nne usiku, transfoma haina taabu.

Lakini kuchaji usiku pekee kuna gharama ambayo watetezi huipitia juu juu. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba takriban yuniti 2.9, yaani kilomita 80 hivi. Mwendeshaji wetu lazima abadilishe betri iliyoisha kwa iliyojaa kituoni mara moja mchana. Waendeshaji 100 watahitaji betri 200 zilizojaa alfajiri. Ukiruhusu kuchaji mchana, zinaweza kupungua hadi 120 au 130. Betri ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye pikipiki, na zile 70 au 80 za ziada ni mtaji uliolala. Mchana basi uachiwe jua: paneli juu ya paa la kituo.

Betri nazo hufa mapema kwa uzembe unaozuilika. Betri ikitoka kupanda mlima kwenye jua kali ikaingizwa kwenye chaja papo hapo, huchakaa haraka. Isubiri ishuke chini ya nyuzi 45. Plagi iliyolegezwa na mashimo ya barabara hupata moto hadi plastiki inayeyuka. Seli moja ikidhoofika, kidhibiti hukata umeme wa betri nzima, ndiyo maana skrini inaonyesha asilimia 20 na pikipiki inazimika na abiria juu. Kibaya zaidi, betri za kampuni moja mara nyingi haziingii kwenye pikipiki za nyingine. Kiwango kimoja cha plagi na ukubwa wa kasha kingeweza kusaidia kuliko ruzuku nyingi.

Linabaki suala la kodi. Kila lita ya petroli huchangia shilingi 25 kwa mfuko wa barabara tangu Julai 2024, kwa hiyo mwendeshaji wetu hulipa karibu 67 kwa siku. Akihamia umeme, pesa hiyo haipo, na pikipiki yake inakanyaga lami ileile. Hazina haijakosea kuhangaika. Hata hivyo, kuihamishia tozo yote kwenye umeme leo ni kama shilingi 14 kwa kila yuniti, karibu kuzidisha maradufu gharama yake ya kuchaji usiku, wakati mkopo wa pikipiki bado unamkaba. Afadhali ianze na shilingi mbili au tatu, ipande kadiri mikopo inavyolipwa, na ratiba yake itangazwe sasa ili mwenye kituo na mwenye pikipiki wapange bei wakijua kinachokuja.