Guta Halilali, Nami Silali

Kwa muda wa miezi mitano, kila asubuhi nilipotoka nje nililikuta guta langu, pikipiki yangu ya mizigo ya magurudumu matatu, limejikojolea. Nimetafuta neno la heshima zaidi la kulieleza jambo hilo na sikulipata. Chini ya gurudumu la mbele palikuwa na doa la oili lenye ukubwa wa sahani ya pilau, na mguu wa kushoto wa shokapu ulikuwa umelowa kuanzia kwenye sili, ule mpira unaoizuia oili isitoke, hadi kwenye ekseli. Oili yenyewe haikuridhika kuishia hapo, bali iliteremka mpaka ndani ya ngoma ya breki na kuzilainisha lainingi, ambazo ndizo kitu pekee katika chombo kizima kisichotakiwa kulainishwa. Siku hizo nikishika breki ya mbele, nikiwa na mikungu niliyoipakia pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, guta lilikuwa linanisikiliza, linatafakari, kisha linaamua lenyewe mahali pa kusimama.

Fundi wetu wa kijiweni aliibadilisha sili hiyo mara tatu. Kila mara aliichokoa ya zamani kwa bisibisi na kuigongea mpya kwa nyundo, kila mara alijifuta mikono na kuniambia, "Hapo umemaliza, mzee wangu," na kila mara nilikaa siku nne, au tano nikiwa na bahati, kabla ya doa kurudi. Mara ya tatu aliamua kuikomesha oili isivuje kwa kujaza ile nzito ya injini, namba 40, na ni kweli kwamba haikuvuja haraka, kwa kuwa haikuwa ikipita popote. Wasioijua kazi hii waelewe kwamba ndani ya kila mguu wa shokapu mna springi na oili: springi ndiyo inayobeba mzigo, lakini oili ndiyo inayoituliza springi isirukeruke, kwa kulazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo vya bomba lililomo ndani kabisa. Oili ikiwa nyepesi mno, usukani unachezacheza kama mpambe wa bwana harusi. Ikiwa nzito mno, kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja kwenye viwiko, kutoka hapo kwenye mabega, na safari yake inaishia kwenye meno. Nilitembea wiki mbili na ile namba 40, na hadi leo nikitafuna muhogo nalikumbuka tuta la kuingilia Tandale.

Kijiweni kila mtu alikuwa na maelezo yake. Muuza kahawa alisema sili za siku hizi ni feki. Dereva mmoja wa bajaji, ambaye chombo chake mbele kina mkono mmoja tu wenye springi na wala hakina shokapu za namba hii, alinieleza kwa muda mrefu jinsi ya kuziendesha. Lililo kweli nililifahamu mwenyewe nikiwa kwenye kona. Pikipiki ya magurudumu mawili ikikata kona hulala, na nguvu yote hupita kwa urefu wa miguu ya shokapu, kama aliyeitengeneza alivyokusudia. Guta halilali. Guta likikata kona hubaki wima kama askari wa gwaride, na gurudumu la mbele husukumwa ubavuni, likaikunja miguu ambayo ilibuniwa kwa ajili ya chombo kinacholala. Halilali, na mwenye nalo halali, kwa kuwa marejesho ya mkopo yanadaiwa kila Jumamosi, liwe limetembea au limelala.

Jumapili moja nikaamua kulifungua mwenyewe. Niliiegemeza fremu juu ya matofali na kreti ya soda, nikatoa gurudumu, nikalegeza nati za kwenye usukani, na miguu yote miwili ikachomoka kwa utii ambao sikuutarajia. Kifuniko cha juu ndicho kilichonikumbusha kwamba springi huwa imebanwa: uzi wa mwisho ulipoachia, kiliruka kikatua kwenye bati la jirani, naye akatoka akiuliza ni nani anayemrushia mawe siku ya ibada. Mguu wa kushoto ulitoa vijiko vitatu vya tope jeusi lenye harufu ya dagaa waliosahauliwa.

Ikabaki boliti ya chini, inayofunguliwa kwa alenki. Boliti hii ina tabia ya kuzunguka pamoja na lile bomba dogo inalolishikilia, kwa hiyo unaweza kuizungusha kutoka alfajiri hadi magharibi isitoke hata kidogo. Dawa yake ni kuchonga ncha ya mti, kuuingiza kutoka juu na kuukandamiza ili bomba litulie, na mti pekee wenye unene huo katika nyumba yetu ulikuwa mpini wa fagio la Mama Shukuru. Niliuchonga kwa adabu, upande mmoja tu.

Kupima unyoofu wa bomba la kromu, lile kubwa linaloteleza ndani ya sili, kunahitaji kitu kilicho bapa kabisa, nami nikaona kioo cha meza ya sebuleni kinafaa, baada ya kuondoa kitambaa na vikombe vya wageni. Bomba la kulia lilibingirika kwa utulivu. La kushoto lilikwenda likichechemea, na kila lilipofika nusu ya mzunguko niliona mwanga ukipita chini yake. Hapo ndipo nilipolipitishia ukucha, na ukucha ukakwama. Mahali pale pale ambapo sili hupanda na kushuka siku nzima palikuwa na vidonda vya kutu vitano au sita, vidogo kama punje za ulezi, vyenye kingo kali. Sili zote tatu nilizozilipia zilikuwa zimepelekwa kwenye kisu, moja baada ya nyingine, na yule aliyezipeleka alikuwa akijifuta mikono.

Msasa ungeweza kulainisha vidonda, lakini haunyooshi kilichopinda, kwa hiyo Jumatatu nilikwenda Gerezani kutafuta bomba lililotumika. Nililibingirisha mara nne juu ya kioo cha kabati la muuzaji, nikalipitishia ukucha kutoka juu hadi chini, mpaka akaniuliza kama nanunua chuma au naoa.

Kurudishia ndiko kulikonidhalilisha. Sili mpya ina mdomo wa mpira ambao ukipita kwenye ncha ya bomba bila kinga huchanika kabla haujaiona barabara, kwa hiyo ncha hiyo hufunikwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki kilichopakwa oili. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya rambo imepigwa marufuku nchini, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote siku zote isipokuwa siku ile. Nilimwendea jirani yule yule wa bati. Alinitazama, akachungulia barabarani, akarudi ndani, na baada ya muda akanitolea mmoja aliokuwa ameuhifadhi chini ya godoro, akinisihi nisimtaje, na ndiyo maana simtaji. Sili niliigongea kwa kipande cha bomba la maji, nikiwa nimeiweka ile ya zamani juu yake ili ndiyo ipokee vipigo, nayo ikaingia sawasawa mpaka mfereji wa ringi inayoishikilia ukaonekana.

Kitabu cha guta kimeandikwa kwa Kichina, lakini tarakimu ni tarakimu, na kando ya mchoro wa shokapu palikuwa na 200. Miguu yote miwili lazima ipate oili kiasi kimoja, na safari hii ilikuwa ile nyepesi ya shokapu yenyewe. Chombo pekee chenye alama za mililita katika nyumba yetu kilikuwa chupa ya kunyonyea ya mjukuu. Mama Shukuru alinikuta naijaza mara ya pili.

"Baba Shukuru, hiyo ni chupa ya nani?"

Nilimjibu kwamba kwa sasa ni ya mguu wa kulia. Jioni hiyo nilinunua chupa mbili mpya, na fagio.

Hii ni wiki ya tatu, na chini ya guta pamekauka kiasi kwamba kuku wanapalalia. Juzi nilipofika kijiweni nilimkuta fundi ameinama mbele ya gurudumu langu pamoja na mteja, akipitisha kidole kwenye bomba na kumwonyesha kwamba kimetoka kikavu. "Kazi yangu hiyo," alisema, na mimi nimesimama nyuma yake. Usiku akabisha hodi nyumbani, akanipa shikamoo ndefu, akaulizia mvua, akalalamikia bei ya petroli, kisha akasema amepata guta jingine lenye ugonjwa kama wa langu na anaomba nimwazime ile chupa. Kabla sijafungua mdomo, Mama Shukuru alimjibu kutoka jikoni kwamba chupa ipo, ila haiazimwi, inakodishwa, shilingi 2,000 kwa kila mguu, na fagio lina bei yake.